Kubishania Gumegume la Magadi

Mtu wa Dar huyajua magadi kwa kisamvu na maharage. Ziwa Magadi, kule Kenya, mimi nilikuwa nimelisoma tu kwenye makala za wageni. Kwa hiyo mkutano wa wanafunzi na watafiti chipukizi wa jiobiolojia, elimu ya jinsi viumbe na miamba vinavyoathiriana, ulipotangaza kwamba tutakwenda huko, nilipanda basi la Namanga bila kujiuliza mara mbili.

Mihadhara ya Nairobi ilikuwa mihadhara: mabango ukutani, chai, na kijana wa Kampala akitetea grafu zake mbele ya watu wenye njaa.

Utamu ulianza tulipoipita Kiserian na kuanza kushuka Bonde la Ufa. Unateremka hadi kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Masikio yanaziba, masweta yanavuliwa, na kufika Olorgesailie upepo wa dirishani ni wa moto.

Sehemu kubwa ya ziwa ni ukoko mweupe wa magadi, na penye maji rangi ni ya waridi, kazi ya vijiumbe vipendavyo chumvi. Kimoja chao, Natronobacterium gregoryi, kiligunduliwa hapa. Mwaka 2016 watafiti wa China walidai protini yake inaweza kuhariri jeni. Maabara nyingine zikajaribu zikashindwa, na 2017 makala ikaondolewa. Wengi wetu tulizijua habari hizo bila kujua kwamba kijiumbe chenyewe ni cha jirani.

Pembeni, kwenye chemchemi za moto, wanaishi samaki wadogo wa jamii ya perege. Samaki wengi hutoa amonia kupitia mashavu. Katika alkali kali hivi amonia haitoki kirahisi, basi hawa hutoa urea, kama binadamu.

Lakini kilichotukalisha juani ni gumegume. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini ya silika aliyoyakuta hapa, magadiaiti, ambayo yakipoteza sodiamu hugeuka gumegume. Baadaye wengine wakasema baadhi ya mawe hayo yalianza kama utando wa bakteria. Binti mmoja wa Nairobi alipasua jiwe kwa nyundo, akalisogeza kwenye lenzi: mistari myembamba, imejikunjakunja.

"Bakteria hawa," akasema.

"Dada, mistari hata kemia inachora," akajibu mwenzetu wa Arusha.

Hakukuwa na profesa karibu wa kuamua, na naona ndiyo maana ubishi ulinoga. Jiwe lilihitaji kukatwa jembamba hadi lipitishe mwanga, na chuoni kwangu msumeno wa kazi hiyo ulikuwa umeharibika siku nyingi. Kijana wa Kampala akasema wao wanao mzima. Mwenyeji wetu mwenye kibali akaandika namba juu ya jiwe kwa wino, na binti akamkabidhi yule kijana kwa sharti moja: picha azitume kwa wabishi wote wawili saa ileile.