Wanangu wa Fizi, Mpimeni Mtu kwa Kura Atakayoipiga Bukavu

Kizazi changu kilipopiga kura yenye maana kwa mara ya kwanza, wengi wetu tulikuwa tayari na wajukuu. Ilikuwa tarehe 30 Julai 2006. Kabla ya hapo tuliitwa kupiga kura, lakini kuchagua hatukuchagua. Mwaka 1970 mtu alipewa kadi ya kijani ya kumkubali Mobutu na nyekundu ya kumkataa, na mgombea alikuwa yeye peke yake. Huku milimani kwetu Fizi, Kivu Kusini, wengine hata kadi hizo hawakuziona, maana tangu 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilijenga maskani yake Hewa Bora, na utawala wa Kinshasa uliishia pale ambapo askari wake walithubutu kufika.

Nayasema haya kwa sababu vijana wa mji wetu wa Baraka huuliza, tena kwa ukali, kwa nini sisi washamuka, yaani wazee, tulichagua watu kwa ukoo. Ni kweli. Mgombea aliposimama mbele yetu, swali la kwanza lilikuwa: wewe ni mtoto wa nani? La pili: wakati wa vita ulikuwa wapi? Akijibu vizuri hayo mawili, la tatu halikuulizwa.

Sababu tulikuwa nayo. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, na ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 inataja zaidi ya 800. Tangu 1996 watu wa Fizi walikuwa wakivuka ziwa usiku kwenda Kigoma, wakaishi Nyarugusu na Lugufu, na meli za kuwarudisha zilianza kutia nanga Baraka mwaka 2005 tu. Mtu aliyepita humo, anaporudi na kukuta nyumba yake ni majani matupu, humtafuta ndugu kwanza. Serikali haikuwapo. Ndugu ndiye aliyekuficha, akakupa muhogo wa kupanda, akamzika mama yako. Tulipopewa kura, tukampa huyo huyo ndugu.

Kipimo hicho tumekitumia miaka mingi, na matokeo yake yako wazi kwa kila mwenye macho. Wasifu rasmi wa Joseph Kabila unasema alizaliwa Hewa Bora mwaka 1971, hapa hapa Fizi. Katika duru ya pili ya 2006 Kivu Kusini ilimpa zaidi ya asilimia 90 ya kura zake. Alitawala miaka 18. Alipokabidhi madaraka Januari 2019, barabara ya taifa namba 5 kutoka Uvira hadi Baraka ilikuwa bado ya udongo. Kabla yake Anzuluni Bembe, mtoto wa Fizi, alikalia kiti cha spika wa Bunge la Zaire katika miaka ya mwisho ya Mobutu, na lami haikufika pia. Mvua zikikolea, lori la mihogo hulala kwenye tope, na mama muuza ndakala hupanda pikipiki na beseni mapajani, akiomba Mungu afike sokoni kabla samaki hawajaharibika. Kuwa mtoto wa kwetu ni jambo jema, lakini hakujengi daraja.

Sasa nageuka kwenu, wanangu. Ninyi mliozaliwa kambini, mliokuja Baraka mkiwa mgongoni mwa mama zenu, ndio wengi leo kwenye foleni ya kura. Mnasema ukoo si hoja kwenu, na ninawapongeza. Lakini nimeitazama kampeni ya 2018, nikaitazama na ile ya 2023, na nimeona kilichokalia kiti cha ukoo. Mtumbwi wa injini unafika na vipaza sauti, mgombea anashuka, fulana zinarushwa, sabuni na chumvi zinagawiwa, vijana wanapewa unite za simu na pesa ya kinywaji. Anayetoa kingi anaitwa mkubwa. Anayekuja na maneno tu anazomewa, kwa kuwa wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Siku ya kura yenyewe, bibi kizee anasimama mbele ya mashine. Kadi yake ya uchaguzi ameitoa kwenye fundo la kitenge, imefungwa nailoni, kwa kuwa ndiyo kitambulisho chake pekee na askari wa barieri huiomba kila anapopita. Kwenye kioo cha mashine kuna picha za wagombea, ukurasa baada ya ukurasa. Sura hazijui. Anakitazama kiganja chake, palipoandikwa namba na kijana aliyempa sabuni, anaibonyeza namba hiyo, karatasi inatoka, anaitumbukiza kwenye sanduku. Imekwisha. Kwa miaka mitano ijayo jina lake litasemewa na mtu ambaye bibi huyo hakupata nafasi ya kumuuliza neno moja.

Na mtu huyo anakwenda kufanya nini? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana, maana wengi huku hawaelezwi. Siku hiyo ya kura tunachagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Seneta hatumchagui. Liwali, yaani gavana wa jimbo, hatumchagui. Katiba ya 2006 inasema maseneta huchaguliwa na mabunge ya majimbo, na sheria ya uchaguzi inaweka wanne kwa kila jimbo na wanane kwa Kinshasa, jumla 108. Liwali naye huchaguliwa na hao hao wabunge wa jimbo. Kwa hiyo mtu tunayempeleka bunge la jimbo, Bukavu, kutoka Fizi anabeba kura yetu ya pili, anaingia nayo ndani ya chumba, na anaipiga kwa siri. Tena Katiba inasema wazi kwamba mbunge hafungwi na maagizo ya waliomchagua. Ukishamtuma, huna kamba ya kumvuta. Kilichobaki ni tabia yake.

Mwezi Machi 2019 mabunge ya majimbo yalichagua maseneta, na nchi nzima ikasikia habari za aibu. Baadhi ya wagombea walijitoa wakilalamika kwamba kura ya mbunge mmoja wa jimbo inadaiwa makumi ya maelfu ya dola. Watu waliingia barabarani, na siku chache baadaye Rais Félix Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuanza kazi kwa maseneta hao. Baadaye mambo yakaendelea kama kawaida. Mwezi Aprili 2024 wabunge wa majimbo waliitwa tena kuchagua maseneta na maliwali, kwa utaratibu ule ule.

Tufanye hesabu ya mwananchi wa kawaida. Mgombea amenunua sabuni, fulana, mafuta ya mtumbwi na unite za simu. Fedha hizo amezikopa au amepewa na mkubwa fulani. Atazirudisha kwa njia gani, na mshahara wa mbunge wa jimbo huchelewa miezi na miezi? Atazirudisha siku ya kumchagua seneta na liwali. Na seneta aliyenunua kiti naye atataka fedha yake irudi. Ndiyo maana barabara, zahanati na mshahara wa mwalimu wa Lulenge havina msemaji. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kipande cha sabuni ulichopokea Mboko kinalipwa na mtoto wako aliyekaa chini kwenye darasa lisilo na paa.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wanaojua kusoma wangewafafanulia wazee wao. Sheria ya uchaguzi inataka orodha ipate angalau asilimia 1 ya kura za nchi nzima ili iingie Bunge la Taifa, na asilimia 3 ya kura za jimbo ili iingie bunge la jimbo. Mgombea anaweza kupendwa kuanzia Makobola hadi Kazimia, kura zake zikamwagika zote kwa kuwa chama alichokichagua hakina watu kwingineko. Anayewapenda kweli atawaambia amesimama na chama gani na kwa nini. Anayewaficha hilo anawatumia.

La tatu ni zito zaidi. Fizi si ya kabila moja. Wapo Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengine, na damu iliyomwagika kati ya milima ya juu na ufuko wa ziwa imetosha. Mgombea anayepanda jukwaani na jina la adui badala ya mpango wa kazi anajua kwamba hofu ni rahisi kuuza kuliko daraja. Akishinda, vijana ndio watakaoitwa kubeba bunduki, na mtoto wake atakuwa anasoma mbali. Kizazi changu kimezika watu wa kutosha kwa sababu ya maneno ya namna hiyo.

Basi mpimeje? Wazee wetu walikuwa na lubunga, baraza lao la mazungumzo. Pale mtu hakusikilizwa kwa sauti yake wala kwa alichokuja nacho mkononi. Alikaa, akaulizwa mbele ya watu wote, akajibu, na jibu lake likakumbukwa hata baada ya miaka. Rudisheni desturi hiyo, na safari hii wanawake na vijana wakae ndani, maana ndio wanaotembea hiyo barabara. Kila mgombea aitwe. Aulizwe fedha za kampeni amezipata wapi. Aulizwe ni mtu wa namna gani atakayempigia kura ya useneta na uliwali, na aseme mbele ya watu. Aulizwe atarudi lini kueleza alichofanya. Majibu yaandikwe kwenye daftari, daftari likae kwa mtu asiye na chama.

Najua wapo watakaosema haya ni maneno ya wakati wa amani. Bukavu, penye bunge la jimbo letu, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na wakimbizi wanapita mlangoni kwetu. Ni kweli. Lakini vita hivi navyo vimekaa juu ya mgongo wa viongozi waliouza sauti za watu wao, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Muhula wa waliochaguliwa Desemba 2023 ni miaka mitano. Siku ya kuwapima itakapofika, mtu atakayeinunua kura yako Baraka ndiye atakayeiuza yake Bukavu. Mnyimeni.