Majina ya Njia ya Kisaki

Makaburi ya vita ya Morogoro mjini yanatunzwa vizuri. Nyasi zimekatwa, mistari imenyooka, na kila jiwe lina jina la marehemu, kikosi chake na siku aliyofariki. Niliyasoma polepole, nikiinama kwa kila moja. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia mji huu tarehe 26 Agosti 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, yakaufanya kituo cha hospitali, na vijana wengi waliolala pale waliteremshwa kutoka milimani wakiwa hoi kwa malaria na kuhara damu. Wengi walikuwa wa Afrika Kusini. Walikufa mbali na mama zao, na ninafurahi kwamba anayewatafuta leo atawapata.

Mimi nilikuwa nawatafuta waliowabebea mizigo.

Smuts alitumaini kumbana Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hapo Morogoro, kwenye reli. Mjerumani hakumsubiri. Aliondoka na askari wake, akaizunguka milima ya Uluguru na kuelekea Kisaki upande wa kusini, akilazimisha jeshi la Uingereza limfuate katika nchi isiyo na barabara. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Magari yalizama kwenye tope mvua zilipoanza. Kilichobaki kubeba risasi, unga na wagonjwa ni vichwa na mabega ya watu, na pande zote mbili zilichukua watu hao vijijini, wengi wao bila kuwauliza. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Uingereza peke yake katika vita ile ya Afrika Mashariki yanakaribia 100,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Wale wa upande wa Mjerumani hata idadi yao ni ya kubahatisha.

Nilipanda basi la Kisaki asubuhi. Ukishaiacha Bigwa barabara inaanza kupinda, na kuanzia Kiroka hadi Mkuyuni mlima unakusogelea upande wa kulia, mashamba ya ndizi yamening'inia kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda. Harufu ya mdalasini na karafuu inaingia dirishani. Katika kituo kimoja nilimwona mama akisokota ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka kichwani, akachuchumaa, mwenzake akamtwika tenga la machungwa. Alisimama kwa hatua tatu: goti, mkono juu ya goti, kisha mgongo. Tenga halikuyumba. Nilipomtazama akishuka nalo bondeni ndipo hesabu ya kilo 25 iliponiingia mwilini. Yeye alikuwa anakwenda gulioni na jioni angerudi. Wale walitembea na mzigo kama huo siku kwa siku, mvua ikiwanyeshea, na chakula chao mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi ambao hawakuwa na muda wala kuni za kuuivisha. Tumbo likiharibika, mtu alibaki kando ya njia.

Matombo nilipokewa na mwalimu mstaafu, ambaye alinipeleka kwa bibi mmoja anayejulikana kwa kukumbuka mambo ya ukoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa kivulini."

Mwalimu akamweleza shida yangu. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Vita ya Mjerumani?" Nikaitikia.

"Mjomba wake mama yangu alichukuliwa shambani. Jembe lilibaki palepale kwenye tuta. Mama alikuwa mtoto, lakini alilikumbuka jembe hilo mpaka anakufa."

"Alizikwa wapi, bibi?"

"Nani aliyeona? Tulifanya matanga bila maiti." Akageuka, akamwita kijana aliyekuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Kijana akaja akifuta mikono. "Huyu hapa ndiye aliyerithi jina. Jina halikupotea."

Sitaliandika jina hilo hapa. Ni mali ya ukoo na wao ndio wataamua. Lakini naomba msomaji alitafakari jambo hili pamoja nami. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na majina ya marehemu hurithishwa kwa wajukuu kwa tambiko, ili ukoo usikatike. Huko Kinole jina la kichifu la Kingalu limepokewa na mtu baada ya mtu, na kila anayelishika anabeba wajibu wa wote waliolishika kabla yake. Ukitaka kujua watu wanaothamini marehemu wao, njoo Uluguru.

Sasa sikiliza walioshika madaraka baada ya vita walivyosema. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti mwaka 2021 baada ya kufungua nyaraka zake yenyewe. Humo imo kauli ya Horace Byatt, gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika, aliyeona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na ambaye hakupenda hata kuitazama hesabu ya Waafrika waliokufa. Ofisa mmoja wa tume naye aliandika kwamba watu wetu hawana hisia zozote kuhusu kuyawekea alama makaburi. Ripoti inakiri kwamba waliokufa kwa ajili ya dola ya Uingereza na hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000. Tume iliomba radhi. Mimi niliisoma ripoti ile kwa hasira, na nilipokaa mbele ya bibi yule hasira ikanirudia. Aliyekosa hisia kuhusu wafu hakuwa Mluguru.

Kutoka Matombo barabara inateremka kupitia Mvuha, joto linapanda, na milima inabaki nyuma. Kisaki ni tambarare, mji mdogo wenye stesheni ya TAZARA. Waingereza waliufikia katikati ya Septemba 1916, kisha majeshi mawili yakatazamana ng'ambo hii na ile ya mto Mgeta hadi mwanzo wa 1917. Miezi hiyo yote wapagazi waliendelea kuipanda na kuishuka njia niliyopita kwa basi. Mbele ya Kisaki ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo, Beho Beho, lipo kaburi la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi tarehe 4 Januari 1917. Lina jiwe na kibao, na pori lote liliitwa kwa jina lake. Kwa mpagazi sikuona hata alama moja kutoka Bigwa hadi hapo.

Hili linarekebishika. Hapohapo Morogoro, Mazimbu, wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliofia ugenini wana makaburi yanayoheshimiwa na kutembelewa, na Watanzania tumeyatunza. Cape Town, Januari 2025, ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa jeshi waliokufa katika vita hiyohiyo na kusahauliwa kwa miaka 100. Majina yalitafutwa, yakapatikana. Kwetu, kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao mnarani. Mkoa wa Morogoro unaweza siku hiyo kusoma majina ya watu wake, na halmashauri inaweza kuweka jiwe moja Kisaki.

Majina hayo kwa sehemu kubwa hayapo London wala Dodoma. Yapo kwenye koo za Matombo, Mkuyuni, Kinole, Mgeta na Kisaki. Wanaoyajua pamoja na habari zake ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Kama kwenu yupo aliyechukuliwa asirudi, keti na bibi au babu mwaka huu, andika jina, kijiji alichochukuliwa, na nani alirithi jina lake, kisha nakala moja uipeleke ofisi ya kijiji.