Nyumba za Desemba

Murangi ya utoto wangu, kule Majita ukingoni mwa Ziwa Victoria, ilikuwa na nyumba zinazofuka moshi na nyumba zisizofuka. Za moshi ndizo zilikuwa nyingi: kuta za udongo, paa la nyasi, uzio wa minyaa, mbuzi mlangoni. Zisizofuka zilikuwa za kuhesabika, zote za tofali la kuchoma na bati, na zote zilipigwa kufuli kuanzia Januari hadi katikati ya Desemba. Wenyewe walikuwa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, wengine jeshini na polisi. Sisi watoto tulizijua kwa majina ya watu ambao karibu mwaka mzima hatukuwaona wakivuka vizingiti vyake.

Ya baba mkubwa ilipakana na yetu. Bibi ndiye aliyetunza ufunguo, kaufunga kwenye pindo la kanga, na mara kwa mara alinichukua tukaifungue ipate hewa. Masika mlango ulikuwa umevimba, ukisukuma haukubali. Ukiingia, harufu ya kinyesi cha popo inakupokea. Mchwa walikuwa wamepandisha njia yao ya udongo kwenye fremu ya dirisha, na bibi aliikwangua kwa kisu kisha akapaka mafuta ya taa. Viti vya sebuleni vilikuwa vimevikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani ilining'inia kalenda ya mwaka uliokwisha. Mvua ikitisha alianika udaga wake barazani, kwenye saruji, lakini ndani hakuweka hata ungo. Jirani mmoja alimwuliza siku moja, "Mama, nyumba yako inavuja, kwa nini usihamie humu?" Bibi akajibu, "Hii ni ya mwanangu. Nikilala humu, akija yeye atalala wapi?"

Baba mkubwa alikuwa mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati, na nyumba ile huwezi kuielewa bila kuikumbuka siasa ya wakati ule. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na watumishi wa ngazi yake walihesabiwa kuwa viongozi. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Huko Dar alikaa katika nyumba ya serikali, na akistaafu angeirudisha. Mahali alipoweza kuwekeza mshahara wake bila kuulizwa na mtu palikuwa kwao. Basi nyumba ikajengwa kwa likizo: likizo moja tofali, nyingine msingi, nyingine bati. Saruji ilitoka Musoma kwa lori. Mchanga ulitoka ufukweni, na wanawake wa kijiji ndio walioupandisha kichwani. Hilo nalitaja kwa makusudi, maana watu wakisifu nyumba hizi humtaja aliyetuma fedha tu.

Kufika kwenyewe kulikuwa kazi. Alipanda treni hadi Mwanza, kisha basi hadi Bunda au Musoma, na kutoka hapo lori la pamba au la samaki, likikwama kwenye matope ya mvua za vuli. Baadaye yakaja mabasi yaliyozunguka Namanga, Nairobi na Sirari, kwa kuwa barabara ya katikati ya nchi ilikuwa mbovu. Mtanzania anakwenda kwao kijijini, na njiani anagongewa mihuri ya nchi nyingine.

Lakini wiki zile mbili za Desemba! Karabai ikiwaka barazani, eneo lote lilikuwa mchana. Binamu zetu wa Dar waliogopa mamba na hawakujua Kijita, wakawa wanamjibu bibi kwa Kiswahili naye akiwacheka kwa mapenzi. Sato walikaangwa, jogoo walichinjwa, hata na jamaa zetu Wasabato ambao Krismasi kwao si sikukuu kubwa. Usiku wazee walikaa kikao cha ukoo: mpaka wa shamba, mahari, mtoto wa nani apelekwe sekondari na nani alipe. Mengi ya ukoo wetu yaliamuliwa pale. Mwaka mpya ukipita, kufuli.

Nilipokua na kutembea nchi hii niliona kwamba kila eneo lina namna yake. Machame na Rombo, kule Kilimanjaro, nako wanarudi Desemba, tena kwa wingi kuliko sisi, ila kihamba, shamba la ukoo, kina migomba na kahawa inayotaka mkono kila siku, hivyo mara nyingi hubaki mtu wa kukitunza. Wakazi wa Dar wanaonunua viwanja Bagamoyo na Kigamboni wanafuata upepo wa bahari mwisho wa wiki. Pwani ya mashariki ya Unguja mgeni hujengewa dirisha linalotazama maji. Nyumba ya baba mkubwa iliupa ufuo mgongo, mlango ukatazama njia na zizi la ng'ombe. Hakuna aliyejenga Murangi ili atazame ziwa. Ziwa lilikuwa kazini. Wavuvi wetu nao walikuwa na nyumba ya pili, kibanda cha nyasi na turubai huko kambini visiwani, na walilala humo miezi mingi kuliko kwa wake zao. Kile kibanda kilitumika kweli.

Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa na matumizi mengine, ambayo wakati wa kujenga kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyasema. Alifariki Dar, akaletwa nyumbani, na jeneza likawekwa katika sebule ile ile ya vitambaa vya kufuma. Kwetu ni fedheha mtu mzima azikwe akitokea baraza la wengine. Hata Mwalimu Nyerere, jirani zetu wa Butiama wanakumbuka, alijengewa nyumba na jeshi akaishi humo muda mfupi sana kabla ya kwenda kutibiwa London, alikofia tarehe 14 Oktoba 1999. Alirudishwa Butiama, akazikwa kwao.

Kinachoniuma hadi leo ni mwalimu wetu wa hesabu. Alipanga chumba cha udongo kilichovuja, na asubuhi moja alituletea madaftari yetu yamelowa, amejitahidi kuyakausha kwa moto. Kutoka chumba kile hadi kwenye nyumba ya saruji iliyofungwa ilikuwa mwendo wa dakika chache.

Baada ya msiba, binamu zangu walimkaribisha muuguzi aliyekuwa hana pa kukaa. Hakulipa kodi. Alitakiwa kufagia, kuwasha moto, na kuacha vyumba viwili Desemba. Nyumba ile imesimama. Mbili za majirani, zilizobaki na kufuli, mchwa wameshusha paa zake.

Najua hofu ya wenye nyumba: ukimwingiza mtu, kesho atadai ni yake. Hofu kubwa iwe upande wa pili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi iliyokaa bila kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Mtu anayeishi humo kwa maandishi ni ulinzi wako.

Kwa hiyo ninyi ndugu zangu mtakaoshuka Murangi, Suguti, Bukima au Mugango mwaka huu, kabla hamjafunga mlango Januari nendeni kwa mwalimu mkuu na kwa mganga wa kituo cha afya, muulize ni mtumishi yupi hana pa kulala. Andikianeni mbele ya mtendaji wa kijiji, kisha mwachieni ufunguo.