Safari ya Kwanza Mtaa wa Leso

Mimi ni fundi cherehani wa Nakuru. Hushona gauni, mashati ya kitenge na sare za harusi, na leso nimezikata miaka mingi. Zilinifikia zikiwa zimekunjwa na kufungwa mafungu mafungu, nami nikazitazama kama kitambaa cha pamba chenye rangi kali, basi. Sikuwahi kuziona zikitembea mitaani kwao. Ndipo nikaamua kwenda Mombasa, mji ambao sikuwa nimeukanyaga.

Nilipanda treni ya Madaraka Nairobi asubuhi. Somo la kwanza nililipata humo humo behewani. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alijitanda leso mabegani kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Tulipopita Tsavo, ile ile akaitandika mapajani amlaze mjukuu wake. Baada ya Mariakani, minazi ilipoanza kuonekana, akaikung'uta, akaifunga ushungi na kuutengeneza kwa vidole bila kioo wala pini. Tulipofika Miritini nguo moja ilikuwa imefanya kazi tatu, na kila mara ilimkaa kana kwamba ilishonewa kazi hiyo. Mimi hufika kwenye umbo kwa mkasi na chaki; yeye alilifikia kwa mikono mitupu.

Kesho yake nilikwenda Mtaa wa Biashara. Leso zimetundikwa milangoni toka juu hadi chini, na mpya zina ugumu wa wanga unaosikika ukizigusa. Barazani mafundi wameinamia cherehani zao, maana leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na mnunuzi huvitenganisha na kupigiwa upindo hapo hapo. Nilisimama nikamtazama mzee mmoja. Hakuwa na pasi. Alikunja ukingo mara mbili kwa kidole gumba, akaubana kwa ukucha, akausukuma chini ya sindano huku akizungumza na mwenye leso habari za mvua. Mshono ulitoka mnyoofu mwanzo hadi mwisho. Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee." Akaitika marahaba, akanivutia kigoda nione vizuri.

Dukani nilipokelewa na mama wa makamo. Kabla sijataja rangi aliniuliza, "Wamnunulia nani, mwanangu?" Nikamwambia ni mdogo wangu aliyejifungua. Akaanza kupekua, na nikaona kwamba hakuwa anatazama maua wala rangi. Alikuwa akisoma. Kila leso aliifunua hadi kwenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, akalisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, akaiweka kando. Mwisho akanipa yenye methali isemayo wema hauozi. "Rangi itapauka," akasema, "lakini jina atakukumbuka nalo."

Akanifundisha na mpango wa nguo yenyewe. Pindo huzunguka pande zote nne kama ua wa nyumba. Katikati ni mji, penye picha kubwa. Chini ya mji limeandikwa jina, na mwanamke akijifunga kiunoni jina humwangukia nyuma, likasomwa na anayemfuata njiani. Leso nyingi za Mombasa zina pia alama ya Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mjini humo mwaka 1887. Kisha akanionyesha kisutu, ile ya nyekundu, nyeupe na nyeusi anayotunzwa bibi harusi, akaikunja taratibu kuliko zile nyingine.

Jioni nilitembea Mji wa Kale nikiyafikiria yale. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, imeona watu wa pwani hii wakivaa mengi. Katika karne ya 19 waliokuwa utumwani walivaa kaniki nyeusi na merikani isiyo na nakshi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajifunga leso za rangi, waonekane kuwa waungwana kama wengine. Hawakungoja mtu awaeleze maana ya vazi. Wao ndio walioipa nguo hii heshima yake, na heshima hiyo ndiyo tunayoiuza leo tunapoandika "mtindo wa Kiswahili" kwenye lebo zetu.

Simwambii fundi mwenzangu asikate leso. Christine Mhando wa Tanzania amezikata kwa ustadi, akazivisha watu London kwa jina la Chichia, na tangu 2008 Swahili Fashion Week ya Mustafa Hassanali imewapa wabunifu wa Afrika Mashariki jukwaa Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba nguo hii ilishabuniwa kabla ya kutufikia. Ina mpaka wake, kitovu chake na kauli yake, na ina mtu anayejua kwa nini ameichagua. Fundi anayepitisha mkasi katikati ya jina ili apate mkono wa blauzi ameyatupa maneno ya mtu. Na anayechagua leso kwa rangi pekee, akamvisha bibi harusi jina la masimango, amemtuma harusini na ugomvi.

Nimerudi na mpango ninaoutaka kwa moyo wote. Mteja atachagua jina kwanza, ndipo nichukue vipimo. Mji utakaa mgongoni ukiwa mzima, pindo litafuata ncha ya gauni, na jina litapita nyuma bila kukatwa, lisomeke. Kwa kuwa doti ina leso mbili, nitakata moja tu. Ya pili nitaipiga upindo, niikabidhi pamoja na gauni, mwenyewe aifunge ushungi, ajitande au ambebee mwanawe, kwa namna ambayo mimi na mkasi wangu hatungeibuni.