Fundi Viatu wa Kariakoo

Imebomolewa ile nyumba ya Kariakoo ambayo barazani pake alikuwa akikaa fundi viatu, ghorofa ipate kusimama; na mjukuu wangu, ambaye ni mama wa mtoto mchanga, aliponisikia nikisikitika na kuitaja polio akaniuliza, "Kwani babu, hiyo polio ndiyo maradhi gani?" Sikukasirika, kwa kuwa kutojua kwake ni neema ambayo bibi yake hakujaliwa.

Binti yangu, shangazi yake huyo, alishikwa na homa angali mdogo. Kadi ya kliniki yasema 1968. Mama yake hushikilia kuwa ilikuwa baada ya masika ya mwaka uliofuata, nami nimeiacha hitilafu hiyo ilale. Homa ilikuwa kama homa zote, ikapoa, tukamshukuru Mungu, hata alipotaka kushuka kitandani mguu wa kulia usimtii. Majirani walitaja upepo mbaya, wengine wakailaumu sindano. Na hao wa sindano hawakunena upuuzi mtupu, kwani mtoto aliyekwisha kuingiwa na virusi, akidungwa msulini, aweza kupooza kiungo kile kile. Asili ya maradhi, hata hivyo, ni uchafu wa choo unaofika kinywani kwa maji au mikono, na madhali katika watoto 200 walioambukizwa hupooza kama mmoja tu, hapana aliyejua yalikopitia.

Hospitali ilitupa vyuma vya mguu. Viatu vilikuwa juu yetu. Fundi alimpima mtoto kwa uzi, akafunga fundo, na kila alipokua akafunga jingine juu ya uzi ule ule. Baraza ile ilinuka ngozi iliyolowekwa, nta na gundi, harufu iliyoshika nguo za binti yangu hata mama yake akilalamika. Na kwa kuwa mguu uliopooza hukua polepole kuliko mwenziwe, ilitulazimu kununua jozi mbili, kubwa na ndogo, ili tupate jozi moja ya kuvaa. Vile viwili vilivyobaki fundi alivitia sandukuni, akingoja mzazi ambaye mwanawe amepooza wa kushoto, naye humpa bila ya malipo. "Bwana," aliniambia, "Mungu hapotezi kiatu."

Kisha ikaja 1975 na mpango wa chanjo wa taifa, matone yakawa jambo la kawaida. Mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili nchini alionekana 1996, na Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa salama nacho. Mwaka 2022 kirusi kilipozuka Malawi, wachanjaji walipita tena nyumba kwa nyumba, na wazazi vijana wakawauliza wamefuata nini.

Maradhi yamehesabiwa kuwa yamekwisha. Waliopigwa nayo wangalipo. Binti yangu anakaribia kustaafu, na mguu umeanza kuuma upya, kama iwapatavyo wengi wa rika lake. Madukani viatu huuzwa jozi kwa jozi, na sanduku la fundi halina mrithi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 yataka majengo ya umma yafikike kwa wote. Ofisi ya binti yangu iko juu, lifti ni mbovu, na mwenye jengo alipoulizwa alijibu kuwa hapana mpangaji mwingine aliyelalamika.