Yule Mama Aliitwa Nani?



Sisi wa Mtera tumezoea kupitwa na wasafiri. Mabasi ya Dodoma na Iringa hupita kwenye bwawa letu, abiria hununua samaki madirishani, kisha huendelea na safari. Safari hii zamu ya kusafiri ilikuwa yangu. Kanisa letu lilituma akina mama watano kwenye semina ya siku tatu mjini Arusha. Tulipanda basi hadi Dodoma, tukalala kwa ndugu, na alfajiri tukashika njia ya Kondoa na Babati.

Semina ilikwisha Jumamosi saa sita mchana. Wenzangu wawili walikwenda sokoni kutafuta vitenge, na nakiri kwamba moyo wangu uliwafuata. Lakini kiongozi wetu alikuwa ameshatuahidi kutupeleka kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, nami nikaona haya kumwacha aende na mama mmoja tu.

Ukutani mwa Azimio

Makumbusho hayo yapo Kaloleni, karibu na Mnara wa Uhuru. Usitegemee jumba la fahari. Hilo lilikuwa jengo la mikutano ya jamii, na ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, likafanywa makumbusho. Nilidhani nitakuta mikuki na vyungu. Silaha za zamani zipo, lakini kilichojaa ukutani ni picha, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe. Unatembea taratibu kutoka picha moja hadi nyingine, na nchi yako inapita mbele ya macho yako: utawala wa Wajerumani, utawala wa Waingereza, harakati za TANU iliyoanzishwa mwaka 1954, Uhuru wa Desemba 1961, kisha Azimio lenyewe.

Nilisimama muda mrefu mbele ya picha moja ya zamani. Mama anatwanga, amembeba mtoto mgongoni. Mimi ni muuguzi, na mazoea hayaachi. Nikamwangalia mtoto kwanza. Mashavu yamejaa, miguu imenona. Nikasema moyoni, huyu ananyonya vizuri. Nikainama kusoma maelezo ili nijue ni mtoto wa nani. Jina halikuwapo. Alikuwa mwanamke tu, anatwanga.

Tangu hapo nikawa nahesabu. Magavana wana majina. Machifu wengi wana majina. Akina mama wenye mizigo kichwani, wapagazi na watoto uwanjani, hao hawana. Wala si kosa la makumbusho. Makumbusho huonyesha kile kilichoandikwa, na aliyepiga picha siku ile hakuuliza. Wajerumani walipiga picha nyingi nchini mwetu. Mmoja wao, Walther Dobbertin, alipiga picha hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita yenyewe, na picha zake zimehifadhiwa Ujerumani hadi leo. Wamisionari wa Leipzig nao walipiga picha nyingi Kilimanjaro, Meru na Pare. Jina la mpiga picha tunalo. Bibi zetu waliosimama juani mbele ya kamera hiyo, wengi hatujui waliitwaje.

Mama, usidhani hayo yalikuwa mambo ya wakoloni peke yao. Chukua ile picha tunayoijua sote tangu shuleni, ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Aliyemimina udongo tunamjua. Je, waliokuwa wamesimama kando yake kushika vyombo? Walikuwa vijana wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili: Sifael Mushi, Khadija Abbas, Hassaniel Mrema na Hassan Omar Mzee. Picha hiyo imetundikwa kila mahali kwa miaka mingi, na wengi wetu tulikua bila kuwajua.

Sanduku la bati

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Niliikumbuka picha moja iliyomo katika sanduku la bati la mama mkwe wangu. Ilipigwa kabla maji ya bwawa hayajapanda. Bwawa la Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzuia maji ya Ruaha Mkuu, na mitambo ya umeme ya hapa kwetu ikaanza kazi mwaka 1988. Taifa lilipata umeme nasi tukapata samaki, na kwa hayo tunamshukuru Mungu. Lakini boma la wakwe zangu, pamoja na zizi na mbuyu wao, vilibaki chini ya maji. Picha ile ndiyo pekee inayoonyesha mahali pale. Wamesimama watu wanane, na mimi namjua mmoja tu, mama mkwe mwenyewe akiwa msichana.

Miaka yote ishirini niliyoolewa nilikuwa nikisema, "Siku moja nitamwuliza." Ninaandika majina ya watoto wa wenzangu kila siku kazini. Mtoto akizaliwa, kabla hajapelekwa popote, tunamfunga plasta mkononi yenye jina la mama yake ili asipotee. Nyumbani kwangu watu wanane walikuwa wakipotea, nami nikipika ugali.

Tuliporudi nilikwenda kwake hata kabla ya kufungua mzigo. Nikampa ile picha. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, kisha akanirudishia taratibu.

"Mama Neema, mwanangu," akasema, "macho hayaoni tena. Naona ukungu tu."

Ilikuwa mtoto wa jicho, na mimi muuguzi sikuwa nimegundua. Nilidhani anapapasa kwa sababu ya uzee. Niliona aibu kubwa. Nikakaa chini mkekani, nikamwambia, "Basi Mama, mimi nitakuwa macho yako."

Nikaanza kumsimulia. Kushoto kuna mama mrefu, amefunga kitambaa, ameshika kibuyu. Akacheka, akamtaja jina. Anayefuata ni mzee mwenye fimbo, mguu mmoja ameukunja. Akataja jina, akaongeza na mwaka wa njaa aliofariki. Tukaenda hivyo hadi mtu wa saba. Wa nane ni binti mdogo, uso umegeukia pembeni, labda aliita mbuzi. Nilimweleza mara tatu. Mama akanyamaza, kisha akatikisa kichwa. "Huyo simpati," akasema. Ningemwuliza miaka mitano nyuma, angemwona kwa macho yake, pengine angemjua.

Majina yale saba ni ya ukoo wetu. Sitayaandika hapa, lakini yapo nyuma ya picha. Mama naye tumekwisha kumwandikisha kwa daktari wa macho.

Mambo ya kufanya wiki hii

Toa picha zako za zamani ukae na mkubwa wa nyumba yenu. Andika nyuma ya kila picha ni nani, wapi na mwaka gani. Tumia penseli laini na uandike pembeni bila kukandamiza, maana wino huweza kupenya. Karatasi ikiwa inateleza, andika kwenye bahasha na uweke picha ndani. Weka mbali na moshi, jua, unyevu na mchwa. Zile za simu, chagua chache uzisafishe studio, maana simu huibiwa, na ikifa huzimika na vyote vilivyomo.

Katika Injili ya Mathayo na ya Marko yumo mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu kichwani kule Bethania. Hakutajwa jina, ingawa Bwana alisema tendo lake litakumbukwa popote. Yohana, anaposimulia habari za marhamu ya Bethania, anatuambia kwamba ni Mariamu. Napenda kufikiri kwamba kuna mtu aliyekaa chini akauliza, "Yule mama aliitwa nani?"

Mungu anawajua wote wanane kwa majina, hata yule binti. Sisi tusipouliza sasa, wajukuu wetu hawatakuwa na wa kumwuliza.