Ukienda Paje na watoto, piga hodi hata baharini

Siku tulipofika Paje, mwanangu wa miaka 7 alikimbilia ufukweni hata mabegi hatujashusha. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mweupe umetanda hadi mbali, naye akaona kiwanja cha mpira. Akawa anaruka kamba zilizofungwa kwenye vijiti, nyingine anazikanyaga. Mama mmoja aliyekuwa ameinama akainuka. Hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwanangu, hapo unapocheza ni shambani kwangu."

Aibu ilikuwa yangu. Nilimfundisha mtoto kupiga hodi kwenye nyumba za watu, sikumwambia kwamba Paje hata bahari ina wenyewe.

Kilimo cha mwani kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Kamba moja huchukua takriban wiki sita hadi kuvunwa. Mtoto akiikanyaga, amekanyaga ada ya shule ya mwenzake. Basi mzazi, kabla hamjafunga safari, zungumza na watoto haya.

Maji kwanza. Mkifika tu, muulize mwenyeji saa za kupwa na kujaa. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji hukimbia mbali sana, nayo yakirudi hujaza kwanza mabonde, hata nyuma ya mtoto aliyekwenda mbali. Asiende bila mtu mzima, wala bila viatu, maana kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi.

Upepo ukivuma, wa kaskazi au wa kusi, wachezaji wa vishada vikubwa hujaa majini. Wanakwenda kasi na kamba zao hukata. Watoto waogelee mbali nao.

Nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni. Mkipita kijijini au dukani, mabega na magoti yafunikwe, mama kwa baba. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa njiani mchana. Mtoto mdogo mpeni chakula chake ndani.

Salamu hutangulia shida. Mtoto aanze na "shikamoo", ndipo aulize bei ya madafu. Picha iombwe, mama aliye kazini si pambo. Na msigawe pesa wala pipi kwa watoto wa kijijini. Mkitaka kuwaachia kitu, nunueni sabuni ya mwani au samaki kwa wazazi wao.

Yule mama alimkalisha mwanangu, akamwonyesha jinsi ya kufunga mche wa mwani kwenye kamba, akamweleza kwamba mwani huvuka bahari na hutumika hata kutengeneza dawa ya meno. Usiku ule alipiga mswaki bila kusukumwa.

Kesho yake maji yalipokupwa, alikwenda akasimama pembeni ya vijiti, miguu imebanana, akaita kwa sauti, "Hodi!"

Kutoka majini wakaitikia watatu kwa pamoja: "Karibu!"